Ripoti ya neva ilisema "kawaida", mguu ulikuwa hauinuki

Ripoti yangu ya kwanza ya neva ilisema kila kitu ni kawaida. Siku niliyokabidhiwa, mguu wangu wa kulia ulikuwa hauinui hata kidole, na ndala nilikuwa nimeifunga kisiginoni kwa kipande cha mpira wa baiskeli isinivuke barabarani. Mke wangu aliisoma, akautazama mguu, akaisoma tena. "Baba Salma," akaniuliza, "hawa wamempima nani?"

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Tanga mjini, si daktari. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoelezwa na wataalamu walionitibu, mengine nikayahakiki kwa hesabu za darasani, na mengine nimeyajua kwa sababu yalinitoka mfukoni. Nimeyaweka hapa kwa ajili ya mtu atakayepewa karatasi iliyojaa namba na kuambiwa "nenda nayo kwa daktari wako", huku daktari mwenyewe ana dakika tano.

Ilikuwa likizo ya Juni. Nyumba yangu ya Mikanjuni ilikuwa imebaki sakafu tu, na ili kupunguza pesa ya ufundi nikajifanya saidia fundi. Fundi anapanga vigae, mimi nimechuchumaa nyuma yake najaza mistari na kufuta saruji. Kutwa nzima chini, magoti yamekunjwa hadi mwisho. Usiku nakaa kusahihisha mitihani nimekunja nne, mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Tena nilikuwa nimekonda, kwa sababu vidonda vya tumbo vilinisumbua tangu mwanzo wa mwaka. Wakati huo sikuona kwamba mambo hayo matatu yanahusiana.

Asubuhi moja nikashuka kitandani, unyayo ukapiga sakafu "pwaa". Nikapiga hatua nyingine, "pwaa". Kidole gumba nakiamuru kiinuke, hakitaki. Sehemu ya juu ya unyayo na ubavu wa nje wa mguu ilikuwa na ganzi. Maumivu? Hakuna. Hilo ndilo lililotuchanganya wote, maana kwetu mtu asiyeumwa haonekani mgonjwa. Jirani akasema ni kiharusi, ingawa mkono na uso vilikuwa vizima. Shangazi yangu wa Makorora, ambaye hana jambo asilokuwa na jibu lake, akasema nimekanyagishwa kitu, akaja na mafuta ya karafuu. Nilikandwa. Sikumkatalia, kwa sababu shangazi ni shangazi, na mafuta yenyewe yananukia vizuri.

Nikaenda hospitali moja binafsi, siitaji. Wakaniuliza kama mgongo unauma, nikasema unauma kidogo, na nani asiyeumwa mgongo baada ya kuchuchumaa juma zima? Jibu hilo likaamua safari yote. Nikapigwa MRI ya kiuno, ile picha ya sumaku, ikaonyesha diski mbili, vile vimito vya katikati ya pingili za mgongo, zimechomoza. Mkopo wa saccos ya walimu ukaanzia hapo. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba watu wengi wa umri wangu, wenye miaka arobaini na kitu, wakipigwa picha hiyo watakutwa na diski zilizochomoza hata kama hawajawahi kuumwa mgongo. Picha inaonyesha umbo. Haikuambii kama umbo hilo ndilo linalokuumiza.

Kisha nikapelekwa kwenye kipimo cha neva, kile cha kushtua neva kwa umeme na kuchoma misuli sindano. Wiki ilikuwa haijatimia tangu mguu ulegee. Kwenye fomu waliandika "maumivu ya mgongo", basi. Hakuna aliyeandika kwamba mguu wa kulia umelegea. Mpimaji akafanya kile fomu ilichomtuma: akashtua neva kwenye kifundo cha mguu, akashtua tena chini ya goti, akachoma sindano misuli miwili, akaandika kawaida. Nikarudi na karatasi mbili zinazopingana, MRI mbaya na neva nzima, na daktari ameanza kunitajia upasuaji wa mgongo.

Aliyeniokoa ni kijana wa fiziotherapia hapahapa Tanga. Nilikwenda kwake kutafuta mazoezi tu. Akanishika unyayo, "Mwalimu, sukuma mkono wangu kwa ndani." Nikasukuma, nguvu ipo. "Sasa kwa nje." Hakuna. "Inua juu." Hakuna. "Simama kwa ncha za vidole." Nikasimama vizuri. Halafu akapapasa kile kifundo cha mfupa kilichoko upande wa nje, chini kidogo ya goti, akakigonga kwa kidole. Shoti ikateremka mpaka juu ya unyayo. Nilitukana kidogo, akacheka.

Akanieleza hivi. Neva ya peronea, ambayo ndiyo inayoinua unyayo na kuugeuza nje, inazunguka kwenye kifundo hicho ikiwa karibu sana na ngozi, mfupa uko chini yake, mto wa nyama hakuna. Ukichuchumaa muda mrefu inabanwa. Ukikunja nne, goti la chini linaikandamiza. Ukikonda, hata kile kimafuta kidogo kilichokuwa kikiikinga kinaondoka. Lakini misuli inayogeuza unyayo ndani inapata amri kwa neva nyingine, ya tibia, japo amri hiyo nayo inatoka kwenye mzizi uleule wa neva mgongoni, wa L5, yaani wa pingili ya tano ya kiuno. Kwa hiyo kama mzizi wa mgongoni ndio uliobanwa, kugeuza ndani nako kungekuwa dhaifu. Kwangu kulikuwa na nguvu. Kipimo hicho hakikunigharimu hata senti.

Nikamuuliza, sasa kwa nini kipimo cha mashine kimesema mzima? Akasema, kwanza umekwenda mapema. Pili, hawakushtua juu ya hiki kifundo cha goti. Ngoja wiki tatu zipite tangu mguu ulegee, nenda Dar kwa daktari wa neva, na hakikisha fomu inaandikwa swali: mguu wa kulia hauinuki, je, tatizo liko gotini au mgongoni?

Hili la muda linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. Neva ikiumizwa mahali fulani, sehemu iliyo chini ya jeraha haifi papo hapo. Kwa siku kadhaa, ukiishtua huko chini, inaendelea kuitikia vizuri tu. Wimbi la msuli huanza kushuka baada ya siku tatu hivi na kufika mwisho wa kushuka katika wiki moja. La neva za hisia huchukua mpaka siku 10 au 11. Na sindano ndiyo yenye subira ndefu zaidi: dalili za msuli uliokosa neva kwenye mguu huonekana baada ya wiki mbili hadi tatu. Ukipimwa siku ya nne ukaambiwa kawaida, huenda mashine imesema kweli kuhusu siku ya nne.

Kusubiri huko ni kwa mtu wa aina yangu tu, mwenye mguu mmoja uliolegea na mengine yote salama. Ukiona udhaifu unapanda toka miguuni kwenda juu kwa siku chache, au pumzi inakuwa fupi, au mkojo umekataa kutoka au unatoka bila kujua, au ganzi imeshika sehemu unayokalia, hapo hakuna kuhesabu wiki. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Safari ya Dar ilikuwa ya basi la alfajiri kutoka Kange. Nilimwomba kondakta siti ya pembeni ili ninyooshe mguu, na kati ya goti na chuma cha siti ya mbele nikaweka kanga ya mke wangu niliyoikunja mara nne. Nilikwenda na kaptula ndani ya begi. Mafuta sikupaka, maana nilishaambiwa ngozi yenye mafuta inazuia vile vibandiko kunasa umeme sawasawa; sisi watu wa pwani hapo lazima tujizuie. Mwenye kutumia dawa za kuyeyusha damu aseme kabla ya sindano, na mwenye kifaa cha kuendesha moyo aseme kabla ya kushtuliwa.

Chumba cha kupimia kilikuwa na kiyoyozi kikali. Binti aliyekuwa akiandaa mashine akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu" (kumbe kaka yake nimemfundisha), kisha akanigusa mguu na kusema hauwezi kupimwa ukiwa baridi hivyo. Akaleta maji ya moto, akaufunika kwa taulo mpaka kipimajoto kikasoma nyuzi 32. Nilidhani ni ukarimu. Sivyo: kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua, kasi ya neva inashuka kwa karibu mita mbili kwa sekunde. Mguu wa baridi unaweza kumfanya mtu asiye na ugonjwa aonekane mgonjwa. Ukipewa ripoti inayosema neva zote zina kasi ndogo kidogo, tafuta kama joto la ngozi limeandikwa. Kama halikuandikwa, uliza.

Kushtuliwa kunaudhi, lakini si maumivu ya kuogopwa. Ni kama kofi la umeme linalorusha mguu bila ridhaa yako. Sindano ilikuwa nyembamba, mpya kutoka kwenye pakiti yake, wala haina dawa ndani, inasikiliza tu. Daktari, mama mmoja mtulivu, alikuwa akiichomeka kwenye msuli, ananiambia nilegeze, halafu sote tunasikiliza spika. Msuli mzima ukilegezwa unanyamaza. Wa ugokoni kwangu haukunyamaza: tik, tik, tik, kwa mpigo wa saa, nami sijagusa kitu. "Umesikia, Mwalimu? Huu unalalamika kwamba umekosa neva."

Sasa namba. Nilimwomba daktari anieleze jedwali, na alipojua nafundisha fizikia akakubali kwa furaha. Ukitaka kujua basi linakimbia kasi gani, huanzi kuhesabu pale ulipokata tiketi Kange, maana humo mna kusubiri abiria na kupakia mizigo. Unatazama saa linapopita Muheza, unatazama tena linapopita Segera, unagawa umbali kwa muda wa katikati. Neva nayo hupimwa hivyohivyo. Umeme ukifika mwisho wa neva kuna kusubiri kidogo kabla msuli haujaitika, kwa hiyo wanashtua mahali pawili na kutoa muda mmoja kwenye mwingine ili kusubiri huko kufutike.

Kwangu ilikuwa hivi. Kushtua kwenye kifundo cha mguu, msuli uliitika baada ya milisekunde 4.4. Kushtua chini ya kile kifundo cha goti, milisekunde 11.4. Tofauti ni 7, umbali uliopimwa kwa tepu sentimita 32, kasi inakuwa karibu mita 46 kwa sekunde. Miguuni, zaidi ya 40 hivi ni salama. Mikononi hutakiwa kupita 50. Mpaka hapo mimi mzima, na hapo ndipo kipimo cha kwanza kilipoishia. Lakini daktari akapanda sentimita 10 juu, akakivuka kifundo: milisekunde 15.4. Sentimita 10 kwa milisekunde 4 ni mita 25 kwa sekunde. Kasi ikishuka kwa zaidi ya mita 10 mahali pafupi namna ile, kuna kitu pale.

Hata hivyo akaniambia nisiiabudu kasi. Kimo cha wimbi kina maneno zaidi. Kasi inasimulia hali ya ganda la neva. Kimo kinasimulia ni nyuzi ngapi za neva zimefikisha ujumbe. Akahamisha kibandiko kwenye msuli wenyewe wa ugokoni, ndio unaoinua unyayo. Akishtua chini ya kifundo, wimbi lilikuwa milivolti 4.1. Akishtua juu yake, 1.1. Yaani karibu robo tatu ya amri zilikuwa zinafika pale na kukwama, ilhali njia ya chini bado ipo. Hiyo, alisema, ni habari njema. Neva iliyoziba bila kukatika hufunguka yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Mguu wa kushoto ulisoma milivolti 6, kwa hiyo pia kulikuwa na nyuzi zangu zilizokufa, lakini si nyingi. Kama hata kushtua chini ya kifundo kungetoa wimbi dogo sana, au lisionekane kabisa, tungezungumza habari za kusubiri nyuzi zikue upya, kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku.

Lililomaliza kesi ya mgongo ni mambo mawili. Neva ya hisia ya juu ya unyayo ilikuwa na maikrovolti 3 kulia na 11 kushoto. Mzizi ukibanwa mgongoni, kipimo hicho kwa kawaida hubaki kizuri hata kama mtu ana ganzi, kwa sababu chembe mama ya neva ya hisia iko nje ya pale diski inapobana, na uzi wake wa kwenda mguuni haujakatwa nayo. Kikishuka, jeraha liko chini ya hapo. Jambo la pili ni sindano: msuli wa ugokoni na wa ubavuni mwa mguu ilikuwa ikitiktika, lakini ule unaogeuza unyayo ndani ulikuwa kimya, wa nyuma ya paja unaopata neva yake kabla ya goti ulikuwa kimya, wa makalio kimya, na misuli ya kando ya uti wa mgongo kimya. Ukiichora kwenye karatasi, misuli yote iliyougua iko chini ya kifundo na mizima yote iko juu yake au kwenye tawi jingine. Ndivyo ripoti inavyosomwa. Namba moja yenye alama nyekundu haina maana mpaka uone majirani zake wanasemaje.

Kabla hajaniruhusu alinipapasa neva yenyewe gotini kuona kama imenenepa, akanitazama ngozi ya mgongo na mikono kutafuta baka lisilo na hisia. Alikuwa anautafuta ukoma, ambao hupenda sana neva ile na bado uko nchini kwetu. Sikuwa nao. Alinipima na sukari pia. Naandika hili kwa makusudi, kwa sababu ukoma una tiba na dawa zake hutolewa bure, na mwenye mguu uliolegea asione haya kulitaja.

Tangu wakati huo nimesomewa ripoti nyingi za watu, hapa mtaani na walimu wenzangu. Mzee mmoja wa Ngamiani mwenye kisukari nyayo zinamuwaka moto usiku, na ripoti yake inasema kawaida. Mwanawe akaanza kumwona anadeka. Kipimo hiki kinasikia nyuzi nene tu. Nyembamba, zinazobeba moto na maumivu, hazisikii kabisa. Mzee anaumwa kweli, na ripoti yake ni sahihi kweli. Mama mmoja mshonaji naye aliandikiwa kwamba neva ya kiganja imebanwa kidogo, akataka apasuliwe, wakati maumivu yake yalikuwa begani. Washonaji wengi wakipimwa watakutwa na hicho kidogo. Nilimwambia arudi na swali hilohilo kwa daktari. Sikuwa na zaidi ya hilo la kumwambia, wala sikutaka kujifanya ninalo.

Jambo jingine la karatasi: usikubali kupewa ule ukurasa wa hitimisho peke yake. Omba jedwali lote na michoro ya mawimbi. Hitimisho la kwanza la kwangu lilikuwa neno moja, lakini jedwali lake ndilo lililomwonyesha yule kijana wa fiziotherapia kwamba hakuna mstari wa "juu ya goti". Bila jedwali asingejua.

Nilipewa splinti ya plastiki inayoshika unyayo usining'inie, nikaivaa ndani ya kiatu kikubwa zaidi namba moja, na mazoezi kila asubuhi. Wanafunzi wa kidato cha tatu walinipa jina kwa sababu ya mlio wa kiatu, walidhani silijui. Nne sikunji tena, hata kwenye kikao kirefu cha wazazi. Kufikia muhula uliofuata unyayo ulikuwa unainuka, kwanza kidogo upande wa ndani, kisha wote.

Nikampigia daktari kumuuliza kama nirudi Dar nipimwe tena ili tuone namba zilivyopanda. "Mwalimu, unaweza kutembea kwa visigino?" Nikajaribu pale pale sebuleni, simu sikioni. Nikaweza, japo kidole gumba kilibaki nyuma ya wenzake. "Basi hela hiyo malizia vigae. Sindano nikikuchoma leo nitakuta alama za kidonda cha zamani, na hizo zinaweza kubaki miaka na miaka. Atakayezisoma bila kukuuliza atasema unaumwa."

Vigae alimalizia fundi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, miguu yote miwili chini, nampitishia ndoo.